Jamani, sio kila gogo ni la kuweka kwenye tanki la samaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, sio kwa ugomvi. Juzi pale kijiweni kwetu kwenye kahawa gazeti lenu lilikuwa linazunguka mkono kwa mkono, na kwenye ile makala ya kupamba sebule kulikuwa na picha ya tanki la samaki wa mapambo limewekwa gogo zuri limejipinda, chini yake mmeandika kwamba gogo kama hilo unajiokotea tu ufukweni, bure kabisa, unaosha unaweka. Nikacheka, alafu nikaacha kucheka, maana hiyo bure mimi ilinigharimu samaki kumi na moja.

Ngoja niwasimulie. Mwaka juzi nilikuwa na tanki la lita 120 nimetengenezewa na fundi vioo, ndani nina gapi, neoni tetra na enjelifishi wawili, wale bapa wenye mapezi marefu. Siku moja nimevuka na kivuko kwenda Kigamboni kumtembelea rafiki, nikatembea ufukweni nikakuta mabaki ya dau bovu limezikwa nusu kwenye mchanga, taruma moja, ule mti wa ubavuni unaoshikilia mbao za chombo, limechomoka, limepinda vizuri utadhani limechongwa kwa ajili ya tanki langu. Nikalibeba. Nyumbani nikalisugua na brashi, nikalianika juani siku tatu, nikaliona limekauka limekuwa jeupe kama mfupa, nikalitumbukiza, na jiwe juu yake maana lilikuwa linaelea. Jioni ile ile nikaona juu ya maji kuna utando unang'aa kama mafuta ya mchuzi wa nazi ukipoa. Nikajiambia kesho ntabadilisha maji. Usiku umeme ukakatika, pampu ya hewa ikasimama, na asubuhi nilipoamka samaki wote wameshalala ubavu isipokuwa gapi mmoja, na huyo naye hakufika adhuhuri.

Nilipomsimulia mzee mmoja fundi wa vyombo hakunionea huruma hata kidogo. Akaniuliza, we mwanangu hujui dau linapakwa nini? Huku juu ubao unanyweshwa sifa, yale mafuta ya ini la papa, na kule chini linapakwa shahamu, chokaa imechanganywa na mafuta ya mnyama ili wadudu wa baharini wasitoboe. Miaka ishirini mti unakunywa mafuta alafu we unakuja kuusugua na brashi ya chooni siku moja! Na hapo mshukuru Mungu, akasema, vyombo vya siku hizi vinapakwa rangi za madukani, na nyingine zina shaba. Nikaja kujua baadae kwamba shaba hata kidogo sana inamaliza konokono na kamba wadogo kabla haijawafikia samaki wenyewe. Kilichoua wangu nadhani ni yale mafuta juu ya maji kuziba hewa isiingie, pampu nayo imelala, na joto letu la Dar maana maji yakiwa ya moto yanabeba hewa kidogo, vyote vikakutana usiku mmoja.

Sasa msinielewe vibaya, mi sio adui wa magogo. Tanki langu la sasa lina gogo na nalipenda kuliko hata samaki wenyewe. Ninachotaka kusema ni kwamba kabla hujaweka gogo kuna maswali mawili ya kujiuliza, huu ni mti gani na umetoka wapi, na hawa samaki wangu kwao kuna magogo? Hilo la pili ndo watu wengi hawaliwazi kabisa.

Chukua Ziwa Mai-Ndombe kule Kongo. Jina lenyewe maana yake ni maji meusi, na hata sie wa Kiswahili hiyo mai tunaisikia kwa mbali. Maji yale ni meusi kwa sababu ya msitu, majani na magogo yanaoza ndani ya maji miaka yote na kutoa tanini, hiyo hiyo inayofanya chai ya rangi iliyokolea ikukaushe ulimi. Rio Negro kule Brazili ni hivyo hivyo, mto umekuwa kama chai iliyosahauliwa jikoni, pH yake, kile kipimo cha uchachu wa maji ambacho namba ikiwa ndogo ndo uchachu mkubwa, mahali pengine inashuka hata chini ya 5, na ndani yake wanaishi kadinali tetra wale wekundu na buluu ambao kila mtu anawataka. Enjelifishi nao ni wa mito ya Amazon, ndo maana wana umbo bapa, wapite katikati ya mizizi na matawi yaliyozama. Kongo tetra ni wa kwetu huku Afrika, wa bonde la mto Kongo, na yeye ukimpa gogo na mwanga hafifu rangi zake zinatoka mpaka unajiuliza ni samaki yule yule. Hao wote gogo ni nyumba yao.

Sasa njoo Kigoma. Shemeji yangu mtu wa Ujiji alikuja kwangu, wakati huo nimepata Tropheus wanne kutoka Ziwa Tanganyika nimewaweka kwenye tanki lina magogo tupu, nimejitahidi hasa, nikijua atasifia. Akasimama pale mbele ya kioo kimya, alafu akasema shemeji, hawa mbona umewapeleka porini? Kwao ni kwenye mawe! Na kweli. Wale samaki wanaishi kwenye majabali, wanakwangua ukoko wa kijani ulioota juu ya mawe mchana kutwa, na maji ya Tanganyika ni mazito ya madini, pH inacheza kati ya 8.6 na 9.2. Wengine wadogo zaidi wanaishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono chini mchangani. Mbuna wa Ziwa Nyasa nao hivyo hivyo, mawe tu. Sisemi ziwani hakuna gogo hata moja, pale Malagarasi unapomwaga maji lazima mto ulete chochote, lakini samaki wa majabali hawalihitaji, na likiwa bichi linatoa tindikali ambayo inavuta maji kwenda upande wasioutaka. Tena pH sio kama kuhesabu ndizi, ikishuka namba moja uchachu umeongezeka mara 10, zikishuka namba nne, yaani toka 9 mpaka 5, ni mara 10,000. Ndo tofauti ya Kigoma na Rio Negro hiyo, na kuna watu wanawaweka samaki wa pande zote mbili kwenye boksi moja la kioo alafu wanashangaa wanakufa.

Nimesema linavuta, lakini kama unatumia maji ya kisima vile visima vyetu vya Dar ambavyo ukichemsha birika linaota magamba meupe ndani, hapo gogo halitashusha kitu cha maana. Ile chokaa iliyomo kwenye maji inaimeza tindikali yote, utapata rangi ya chai tu na pH iko pale pale. Maji ya bomba yanayotoka Ruvu ni mepesi zaidi ila yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima au zaidi kabla hujamwaga kwenye tanki. Na wale wanaopanga mawe ya matumbawe chini alafu gogo juu yake wajue wamewapiganisha, jiwe linapandisha gogo linashusha, na mara nyingi jiwe linashinda. Ukitaka kujua jiwe lako ni la aina gani lidondoshee limau au siki, likitoa povu ni la chokaa, wapelekee wa Kigoma, wa Amazon hawalitaki.

Haya turudi kwenye miti, maana hapa ndo kuna hatari. Wazee wetu walijua kuvua kwa sumu, unatwanga majani ya utupa unamwaga kwenye dimbwi, samaki wanapanda juu wamelewa. Ni kosa kisheria na ni sawa iwe kosa, lakini somo liko pale pale, kuna miti yetu inaua samaki na haikuandikwa usoni. Utupa wenyewe ni mmoja. Mnyaa ule wa kuzungushia ua, wenye maziwa, ni mwingine, usithubutu hata kama umekauka miaka. Mwarobaini siuweki hata kama unatibu arobaini, uchungu ule sio wa kuchezea na wadudu wanaukimbia kwa sababu. Mkorosho na mwembe nauogopa utomvu wake. Msonobari una ulimbo. Mpingo unazama wenyewe bila jiwe, unapendeza, lakini waulize wachonga vinyago vumbi lake linavyowasha macho na ngozi, sasa kitu kinachomwasha mtu wa kilo 80 mi nimwekee tetra wa nusu gramu? Hapana.

Mti ninaoutumia mimi ni mpera. Ndio, mpera huu huu wa uani. Tawi lililokufa lenyewe likakauka mtini, sio bichi, bichi lina utomvu na sukari vikioza vinakula hewa yote ya kwenye maji. Linamenywa gamba lote mpaka lile jeupe laini la chini liishe. Mpera una matawi yamejikunjakunja kama vidole vya bibi, ni mgumu, hauozi haraka, na bei yake ni kumwomba jirani kwa heshima. Huko ng'ambo wanauziwa mopane kutoka Zimbabwe na Namibia na Botswana huko, ni mzuri kweli, mzito unazama siku hiyo hiyo japo unatoa rangi kwa muda mrefu sana, ila kwa sie wa mtaani mpera unatosha.

Na majani ya mkungu! Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kila asubuhi Dar nzima inafagia majani ya mkungu na kuyachoma, yale makubwa yanayogeuka mekundu kabla hayajadondoka, tuliokulia pwani tumekula kungu zake tukavunja kokwa kwa mawe mpaka tukaumia vidole. Majani hayo hayo Ulaya wananunua kwenye pakiti kwa pesa, na kule Thailand wanaofuga samaki wapiganaji wanayategemea toka zamani. Jani moja kavu lililodondoka lenyewe, limeoshwa vumbi, linatosha tanki dogo, linazama baada ya siku mbili tatu, linatia rangi ya chai nyepesi na linasaidia kupunguza baadhi ya ukungu na bakteria, sio dawa ya kila kitu lakini linasaidia. Likianza kuwa wavu mtupu unalitoa unaweka lingine. Usichukue la mti uliopo kando ya barabara kubwa wala uliopigiwa dawa ya mbu. Sasa we una mkungu mlangoni unaenda kuokota taruma la dau, ndo akili gani hiyo, najisema mwenyewe.

Kuna watu watasema basi tuchukue mikoko, mizizi yake imesimama kama miguu ya kaa na ni mizuri kweli kwenye tanki. Ni mizuri, sibishi. Lakini misitu ya mikoko ya Bara ni hifadhi ya Serikali, wasimamizi wake ni TFS, wakala wa misitu, na kukata bila kibali ni kosa. Enzi hizo boriti za mikoko zilikuwa zinapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na magome ya mkandaa yanapelekwa kutengenezea ngozi, yaani tanini hiyo hiyo ninayoisema, na tuliona ilivyopungua. Leo mtu akaangushe mkoko mzima Rufiji au Kunduchi kwa ajili ya kipande cha kuweka sebuleni kweli? Hata ule uliokufa pale kwenye tope una kazi, chaza wameng'ang'ania, vifaranga vya samaki vimejificha chini yake. Alafu una chumvi mpaka kwenye kiini na matundu ya wale wadudu wanaotoboa mbao, ndani ya kila tundu kuna kilichokufa, ukikiweka kwenye maji yasiyo na chumvi kinaanza kuoza na nyumba nzima inanuka kama soko la Feri saa nane mchana. Hilo ndo gogo la ufukweni mnalosema unaosha tu unaweka.

Kuosha kwenyewe, kwa sababu najua mtauliza. Usitumie sabuni, usitumie jiki, mti ni kama sponji unakunywa kila kitu unachoupa na utakirudisha kwenye maji wakati we umeshasahau. Brashi ngumu na maji tu. Alafu unachemsha, saa moja mpaka mbili, unamwaga maji, unachemsha tena. Mara ya kwanza maji yanatoka mekundu kama karkadee, mara ya tatu ya nne yanaanza kufanana na chai ya mgonjwa. Baada ya hapo unaloweka kwenye ndoo wiki mbili mpaka nne, maji unabadilisha kila baada ya siku chache, na jiwe juu. Watu wanauliza kwanini ukuni unaelea wakati ni mgumu vile, ni kwa sababu ya hewa iliyomo ndani ya vijitundu vyake, ule ukuni wenyewe ukiutoa hewa yote ni mzito kuliko maji karibu mara moja na nusu. Kwahiyo unachosubiri ni maji yaingie hewa itoke, hakuna njia ya mkato, kuchemsha kunaharakisha tu. Sijui kwanini watu wanaona wiki tatu ni nyingi wakati wamesubiri miezi kununua tanki lenyewe.

Ukishaliweka usishtuke likiota utelezi mweupe kama makamasi wiki ya kwanza au ya pili. Mimi mara ya kwanza nililitoa nikalisugua mara tano, linarudi. Ni ukungu na bakteria wanakula sukari iliyobaki kwenye mti, hauwadhuru samaki, konokono wanaupenda, na ukiuvumilia wiki chache unaisha wenyewe. Ila kama gogo linanuka yai bovu na ukibonyeza na kucha linabonyea, hilo limeoza, toa. Na wakati huo usijaze samaki kwa pupa, tanki jipya linahitaji wiki nne mpaka sita wale bakteria wazuri wajae, wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti alafu naitreti ambayo ni afadhali. Gogo lenyewe linakuwa makazi yao, kila kijitundu wamo, ndo maana gogo la zamani lililokaa kwenye tanki lenye afya mtu hataliuza hata umpe hela.

Juu yake nimefunga anubiasi kwa uzi wa kushonea, mmea wa Afrika Magharibi na Kati, haupendi kufukiwa shina lake linalotambaa, unaufunga tu kwenye mti unashika wenyewe, mwanga kidogo unautosha. Na nina pleko mmoja, yule wa kunyonya kioo, mchana kutwa yuko kwenye gogo anakwangua krr krr mpaka usiku unamsikia. Wauzaji hawakuambii kwamba wengi wa wale wanaouzwa wanafika sentimita 30 na kupita, alafu mtu akishindwa anaenda kumwaga mtoni. Msifanye hivyo, ni wa Amerika ya Kusini, Msimbazi ina matatizo yake ya kutosha.

Kwahiyo ndugu Mhariri ombi langu ni dogo, andikeni mistari miwili kwenye toleo lijalo mseme lile gogo la ufukweni mlighafilika, maana kuna kijana atakuwa ameshavuka kivuko saa hizi na kiroba chake. Mimi nitaishia hapa, nina tawi lingine la mpera jikoni na sufuria niliyochemshia la mwanzo sio yangu, ni ya mama mwenye nyumba, ile kubwa ya shughuli. Nilimwambia nachemsha maji ya kuoga. Nimeisugua na mchanga, nimeisugua na majivu, ile rangi ya hudhurungi bado imezunguka pembeni kama pete, na mwezi ujao kuna maulidi pale kwake.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam